Choo Kipo Kushoto

Baada ya miaka ishirini na tisa, miezi minne na mapumziko ya chai yasiyohesabika, mhudumu wa mlango mkuu wa jumba letu la sanaa anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina refu la heshima. Sisi tunamwita Mzee Kushoto, na hata barua yake ya kustaafu ilianza kuchapwa hivyo kabla katibu muhtasi hajashtuka.

Mimi ninayeandika haya ndiye mwandishi wa vile vibao vya maelezo vinavyobandikwa kando ya kazi za sanaa. Ndiyo, ni mimi. Naomba radhi mapema, maana sehemu kubwa ya kazi ya Mzee Kushoto ilikuwa kurekebisha kazi yangu.

Alipoajiriwa alipewa kiti, sare ya kijivu na kidude cha chuma cha kuhesabia wageni, kinacholia "tak" kila kikibonyezwa. Kidude hicho hakikuwa na kazi ngumu. Kwa siku waliingia watu wanne, na watatu kati yao walikuwa wanaulizia choo. Watu wa mtaani waliamini jumba hili ni la wasomi, na wasomi waliamini watu wa mtaani wana shughuli nyingine. Mwaka wake wa pili ikaja barua kutoka juu: wageni wasipoongezeka, jumba ligeuzwe ghala la majalada, nasi tutafute pa kwenda.

Mzee Kushoto hakuitisha kikao. Choo chetu kiko kulia, hatua kumi kutoka mlangoni. Kuanzia Jumatatu iliyofuata, kila aliyekiulizia alijibiwa kwa adabu zote: "Kushoto, halafu unafuata ukumbi." Ukipita kushoto unakatiza ukumbi wa kwanza, wa pili na wa tatu, unazunguka jumba zima, ndipo unakifikia choo kwa upande wa pili. Watu waliingia wamebanwa, wakatoka wanabishana. Wengine walirudi kesho yake na shangazi zao.

Daftari la wageni, lililokuwa jeupe kama lilivyotoka dukani, likaanza kujaa. "Choo kisafi. Yule ng'ombe wa waya ni shemeji yangu mtupu," aliandika dereva mmoja wa lori. Mkurugenzi alipougundua ujanja huo aliagiza barua ya onyo. Kwa bahati akalisoma daftari kwanza, akacheka mpaka miwani ikamdondoka, na onyo likaishia hapo. Ghala la majalada lilijengwa kwingine.

Kipaji chake kingine kilikuwa maelezo. Mgeni akisoma kibao changu, akageuka na uso wa mtu aliyemeza dawa bila maji, Mzee Kushoto alimsogelea na kumuuliza yeye mwenyewe anaona nini. Mgeni akikiri kwamba anaona kuku aliyekasirika, aliambiwa: "Basi anza na huyo kuku." Nililalamika mara nyingi. Nilimweleza kwamba kazi ile inahusu mpasuko wa nafsi katika utupu wa mahali. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akataka kujua kama huo mpasuko ndio wenye mdomo na manyoya.

Mwaka mmoja kibao changu kilibandikwa kichwa chini, kikakaa hivyo miezi minne. Hakuna aliyelalamika, si mgeni wala mhakiki. Yeye alikiona siku ya kwanza. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema alidhani ndivyo kinavyosomwa. Niliumia wiki nzima, halafu nikaanza kuandika vifupi kidogo.

Lakini mganga hajigangi. Mkewe ni fundi cherehani, na duka lake liko ng'ambo ya barabara, mlango umetazamana na wetu. Miaka yote hiyo alimletea mumewe chakula cha mchana mpaka kwenye ngazi, akageuka. Alisema hawezi kuacha nguo za watu aje kutazama nyaya, na kwamba mambo ya humu ni ya waliosoma, si ya mtu aliyeacha shule mapema kama yeye. Mzee alizoea kulifanyia utani jambo hilo. Mwaka huu, siku zilipoanza kuhesabika, utani ulimwisha. Alituambia wazi kwamba amewaingiza maelfu ya watu asiowajua, na itamuuma kuondoka bila kumwingiza yule mmoja anayemjua.

Jumanne iliyopita maji yalikatika upande wao wa barabara. Saa saba mchana fundi alivuka, utepe wa kupimia shingoni, akapanda ngazi na kutangaza kwa sauti iliyofika hadi mapokezi kwamba amefuata choo tu. Mzee Kushoto alisimama. Alifunga kifungo cha juu cha sare, akamwambia kama anavyomwambia kila mtu: "Kushoto, mama. Halafu unafuata ukumbi." Tak.

Alikaa humo dakika arobaini na tano. Katika ukumbi wa tatu, penye mapazia makubwa yaliyoungwa kwa vipande vya nguo kuukuu, alivaa miwani, akashika pindo na kuligeuza. Kugusa ni marufuku, na mumewe ameikazia sheria hiyo tangu aajiriwe. Siku hiyo, akiwa amemfuata nyuma, alitazama dari. Fundi akasema aliyeshona hapa alikuwa na haraka, na hapa chini alikuwa analia, haoni sindano. Jioni nilimpigia simu msanii. Akaniambia alishona mapazia yale katika siku mbili alizopewa kuhama nyumba ya marehemu mama yake. Kibao changu kilikuwa na maneno mia mbili na kumi, na hilo halikuwamo. Sasa kina sentensi moja, na ni ya fundi.

Mzee wetu, asante kwa kila mgeni uliyempotosha. Tunawaombea wewe na mwenzio afya, usingizi mzuri na asubuhi zisizo na sare. Ila kuna jambo ambalo binti yenu alitudokeza juzi, nasi hatuwezi kukuacha uondoke hujaambiwa. Kisa cha choo umekisimulia mezani kwako karibu miaka thelathini. Mama alijua siku zote kwamba kiko kulia, hatua kumi tu. Alijua, na akapita kushoto.