Leo Tanuri Hanywi

Kijiwe chetu hapa Gonbad ni benchi refu mbele ya mgahawa wa Chari, kando ya stendi ya magari ya Gorgan. Kila mtu ana birika lake na bakuli lake, maana kwetu Waturkmeni chai haichangiwi. Tunachochangia ni maneno. Na chai hunywewa ikitoka motoni. Ukipuliza bakuli lako, umepoteza nafasi ya kusema mpaka birika liishe. Ndiyo kanuni. Bingwa wetu ni Oraztagan, fundi wa kofia za manyoya, tunayemwita Tanuri kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipuliza. Basi asubuhi hiyo tukamkuta mbele ya bakuli linalofuka mvuke, mikono magotini, hanywi. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Mbunge, ambaye hajawahi kugombea hata ujumbe wa mtaa.

Mbunge: Mheshimiwa Tanuri, umegoma?

Tanuri: Nimekatazwa. Tangu jana usiku sili, sinywi. Naenda hospitali ya Gorgan wanipitishe mpira kooni. Una kamera mbele.

Mbunge: Kamera! Kooni!

Tanuri: Shemeji yenu kapanga. Nimeshamkwepa mara mbili. Kasema nikinywa hata tone leo, wataahirisha tena.

Alipotamka “wataahirisha”, macho yake yalikwenda kwenye bakuli. Mimi niliyaona.

Wa tatu wetu ni Farasi. Huyu maisha yake yote alitunza farasi wa mashindano, na binadamu huwapima kwa kipimo hichohicho.

Farasi: Koo lina nini hasa?

Tanuri: Chakula kinasimama. Hapa, kifuani. Kinakaa, kinafikiri, ndiyo kinashuka.

Mbunge: Hayo ni meno ya bandia. Yametafuna vibaya.

Farasi: Meno wapi! Farasi akikataa majani, ujue moyo uko kwingine. Tanuri, una mwanamke?

Tanuri: Mimi? Na magoti haya?

Farasi: Nilikuwa na dume likakataa shayiri mwezi mzima. Tukalipitishia jike la jirani, likala hadi ndoo.

Mbunge: Napinga hoja! Ni mkate wa mkwe wake. Ule mkate hata kuku wameuandamania.

Farasi: Basi ni baridi. Si ulikunywa soda ya barafu harusini kwa mtoto wa Mbunge? Koo limeganda. Dawa yake chai ya moto zaidi, liyeyuke.

Mbunge: Naunga mkono! Wahenga walisema, maji moto hayachomi nyumba.

Mimi: Hiyo methali haihusu chai.

Mbunge: Methali haina mipaka, ndugu yangu. Kwanza hiyo kamera mnaijua? Kila uongo uliowahi kusema umeganda kwenye kuta za koo. Wanausoma wote. Wataona umeuza kofia za mbuzi ukisema mwanakondoo.

Tanuri: Sijawahi kuuza mbuzi!

Mbunge: Kamera itasema.

Farasi: Mimi naona asiende. Mficha uchi hazai, na yeye keshazaa sita. Sasa anamwonyesha nani?

Mbunge: Tena kinga ni bora kuliko tiba. Kwa hiyo tiba uachane nayo. Kunywa, mzee!

Tulicheka, na mimi nikiwamo. Tanuri naye alicheka, akanyoosha mkono, akalishika bakuli.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa abiria mmoja mwembamba, begi mapajani, akingoja gari hilohilo la Gorgan. Aliagiza chai tangu tulipofika, akaiacha mfuniko wazi mpaka ikaacha kufuka. Farasi alikuwa keshaninong'oneza, “Huyu anakunywa chai au anaisomea dua?” Sasa yule mgeni akageuka, akamwita Tanuri “aga”, kama tunavyowaita wakubwa.

Mgeni: Samahani, aga. Mkate mkavu, bila kuchovya, ulimeza lini mara ya mwisho?

Mbunge aliinua kidole ajibu kwa niaba yake, Farasi akamtangulia.

Farasi: Juzi si...

Akakumbuka kwamba juzi ilikuwa supu. Harusini kwa mtoto wa Mbunge, Tanuri alichovya kila tonge, tukamwita bata. Sikukuu ya kuchinja nyama yake alimpa mjukuu, tukasema uzee umemtia huruma. Mkanda wake ameutoboa matundu mapya palepale kwenye benchi, kwa sindano yake ya kofia, nasi tukamsifia mkono. Kila asubuhi tulikuwa naye. Niliona haya, na sioni sababu ya kuficha.

Tanuri aliuvuta mkanda wake, akayapapasa yale matundu mapya.

Tanuri: Sijui.

Mgeni alifungua kifungo cha kola. Ubavuni mwa shingo alikuwa na kovu.

Mgeni: Na mimi nilikuwa sijui. Wakanilaza usingizi kidogo, wakapitisha huo mpira, wakachukua vinyama wakapime. Saratani ya umio, hii njia ya chakula; daktari akasema chai ya moto sana huichochea. Nikapewa dawa za dripu, nikapigwa mionzi, mwisho wakanipasua. Palipooza wakapatoa, tumbo wakalivuta juu likakaa mahali pake.

Farasi: Tumbo lako liko shingoni?

Mgeni: Mlangoni kabisa. Nakula kidogo kidogo, mara nyingi. Niliyelazwa naye alichelewa, hakuweza kupasuliwa. Walimwekea kibomba tu, chakula kipate njia. Wewe huenda huna kitu, aga. Lakini waangalie.

Mbunge: Ila maji moto hayachomi nyumba!

Mgeni: Nyumba haimezi.

Farasi alicheka mpaka akapaliwa. Tanuri hakucheka. Alilitazama bakuli, akalisukuma taratibu mpaka mbele yangu. Dereva alikuwa akiita abiria wa Gorgan.

Tanuri: Nitunzie birika langu. Mbunge asiliguse.

Akainuka, akavaa kofia yake. Mgeni akamshika mkono, wakaingia garini pamoja. Gari lilipoanza kutembea Mbunge akapaza sauti.

Mbunge: Tanuri! Na zile za mbuzi?

Kichwa kikachomoza dirishani na kofia yake yote.

Tanuri: Mwanakondoo! Kamera itanishuhudia!

Wakaenda. Mbunge alijimiminia chai, akainua bakuli, akalisimamisha karibu na mdomo. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akapuliza.

Kwa kanuni zetu alikuwa amepoteza nafasi ya kusema. Farasi akamtazama, naye akapuliza. Nikapuliza na mimi. Kwa hiyo hakubaki wa kusema chochote, tukakaa kimya, birika la Tanuri katikati yetu, tukiitazama barabara ya Gorgan.