Walinzi wa Pikipiki ya Marehemu Avit

Usinitazame kwa jicho hilo. Sijaanza na tayari umeshakunja mdomo kama mtu aliyepewa uji usio na sukari. Unataka kusema hakuna wanaume wazima wanaoweza kukaa kuilinda pikipiki mpaka ikaoza mbele ya macho yao? Basi hujawahi kukaa Nyanga, na hujawahi kufiwa ukabaki na shemeji. Sikiliza kwanza. Kubisha utabisha nikimaliza.

Avit alikuwa mwanangu wa pili. Alikufa kwa homa, kitandani, pikipiki yake imeegeshwa nje, kwa hiyo asije mtu akaniambia habari za mkosi. Alimwacha mkewe Vestina na binti mmoja, Esther. Siku ya msiba wanaume walileta benchi wakaliweka barazani kwangu. Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makwao, benchi likabaki, na wanaume watatu wakabaki nalo. Msimu wa senene ukaja ukapita, ukaja mwingine nao ukapita, wao wapo. Kijiwe kikazaliwa nyumbani kwangu bila mtu kuniuliza. Kahawa yangu, kuni zangu, na zile buni za kutafuna ni zangu.

Wa kwanza ni Ta Rugaibula, Ta kwetu ni baba, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na ufunguo wa pikipiki anauvaa shingoni. Wa pili ni Evarist. Wanamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufanya kazi gereji, na kazi yenyewe ilikuwa kulinda geti. Wa tatu ni Ildefons, wanamwita Katekista, alifundisha watoto komunyo kule Kashozi mpaka sauti ikamwishia. Mimi naona haikuisha ya kutosha.

Ukoo ulikaa ukaamua hivi: Avit hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo vitu vyake ni vya kaka yake, Onesphory, mwanangu mkubwa aliyeko Mwanza. Pikipiki isiguswe mpaka Onesphory aje akalishwe kwenye kiti cha mrithi. Na Onesphory anakuja Krismasi. Kila mwaka anakuja Krismasi. Krismasi inafika, yeye hafiki.

Basi wakaiingiza pikipiki sebuleni kwangu. Wakaitandikia nyasi mbichi chini, kama tunavyomtandikia mgeni wa heshima, na zile nyasi zikianza kukauka wanakata nyingine na kuzilaza juu ya zile za zamani. Wakaifunika blanketi la marehemu. Wageni wakija, mimi nakaa jikoni.

Siku ninayoisema, mvua ilikamata tangu asubuhi, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka ya kwenda popote. Benchi likaingizwa ndani, wakakaa wameizunguka pikipiki na vikombe mkononi. Vestina akaingia amelowa, ana mfuko begani.

— Shikamoo, Ta.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Sikujia kahawa. Nimekuja kuomba ufunguo, na siji tena. Kuna mama wa Kemondo anataka mtu wa kumbebea dagaa kutoka mwaloni, boti zinaposhusha, mpaka sokoni Bukoba. Anataka mtu mwenye pikipiki, na anataka jibu leo. Nikikosa, boti ya Goziba inaondoka mchana huu. Kuna kambi ya wavuvi wanatafuta mpishi.

— Goziba, akasema Katekista. Kule kisiwani hakuna hata Misa.

— Ndiyo, baba. Na Esther nitamwacha hapa.

Ujue kwamba Vestina anaendesha. Avit mwenyewe alimfundisha, barabara ya Kashozi, yeye mbele na mumewe kapakiwa nyuma, watu wanatoka migombani kuja kutazama. Ta Rugaibula aliiona hiyo. Nadhani hajaisamehe.

— Mwanangu, akasema, kitu cha marehemu hakipandwi kabla mrithi hajakaa. Hilo unalijua. Halafu tazama nje. Ukiitoa kwenye mvua hii si itashika kutu? Tumeihangaikia muda wote huu.

Kumbe alikuwa amelitaja neno wanalolipenda. Vestina akabaki amesimama, maji yanamdondoka, na wao wakaanza.

— Kutu ya Bukoba si kutu ya kawaida, akasema Injinia. Hii inatoka ziwani. Ziwa linapumua alfajiri. Ile pumzi inapanda na ukungu mpaka huku, inatafuta tundu. Ndiyo maana ekzosi niliiziba kwa majani ya mgomba. Nimeyasokomeza mpaka ndani kabisa.

— Mabichi au makavu? nikamwuliza.

— Mabichi, Ma Koku. Makavu yanapitisha.

— Injinia, unalisingizia ziwa, akasema Katekista. Ziwa lipo tangu uumbaji. Mbona kengele ya kanisa haishiki kutu? Kwa sababu inasaliwa.

— Kengele ni shaba, Katekista.

— Ilisaliwa ndipo ikawa shaba.

Injinia akanywa kahawa. Katekista akaona ameshinda, akaendelea.

— Mimi rimu zote mbili nilizipaka majivu. Majivu yanakausha. Mwili wa binadamu wenyewe mwisho wake ni majivu, na umewahi kuona majivu yana kutu?

— Uliyachukua jikoni kwangu bila kuomba, nikasema. Na uliyakoroga na maji.

— Makavu hayashiki, Ma Koku.

— Na cheni? Kuna mtu ameitia hata grisi?

— Grisi inavuta vumbi, akasema Injinia.

— Sebule yangu ina vumbi, Evarist?

— Sijasema hivyo, mama. Nimesema kitaalamu.

Ta Rugaibula akainua mkono, maana mkubwa wa ukoo hasemi mpaka wengine wanyamaze.

— Nyie wote mnahangaika. Dawa ya chuma ni rubisi. Babu yangu panga lake alilisugua kwa hiyo pombe ya ndizi kila jioni, na alizikwa likiwa bado linang'aa.

— Babu yako rubisi alikuwa anasugua koo, nikamwambia. Hilo panga nililiona nilipoolewa. Halikukata hata shina la mgomba.

— Shemeji, usimtukane marehemu.

— Simtukani. Namkumbuka.

Vestina akasema taratibu:

— Ta, boti hainisubiri.

Hakuna aliyemgeukia. Injinia alikuwa ameshasogea ukingoni mwa benchi, na akifika hapo ujue linakuja kubwa.

— Niwaambie kitu ambacho gereji hawawaambii wateja. Kutu ni mdudu. Ni mdogo, huwezi kumwona. Anataga kwenye chuma, yale mayai ndiyo ule wekundu. Sasa, chuma kikitulia naye analala. Ukiwasha injini tu, joto linamwamsha. Pikipiki zote mnazoziona barabarani zimeoza, zimeoza kwa kuwashwa.

— Kwa hiyo pikipiki nzuri ni isiyowashwa, nikasema.

— Sasa umenielewa, Ma Koku.

— Huyo mdudu analetwa na nini? akauliza Katekista. Ni macho. Mtu akikitazama kitu kisicho chake kwa tamaa, kinaanza kuoza pale pale alipotazama. Mimi sitaji mtu. Nasema tu kwamba kabla ya watu kuanza kuja kuja humu kuomba ufunguo, tangi halikuwa na doa.

Vestina akamtazama. Ildefons akachungulia ndani ya kikombe chake kama aliyeona nzi.

— Katekista amefika karibu, akasema Ta Rugaibula, ila hajafika. Chuma kinamjua mwenyewe. Hii pikipiki inamjua Onesphory. Damu ni moja na ya Avit, inainusa. Akipanda mtu wa ukoo mwingine, hata kama alipika chakula cha mwenyewe, hata kama alimzalia, inaoza kuanzia ndani. Utaona inang'aa nje, ndani ni unga. Mimi simnyimi Vestina. Pikipiki ndiyo inayomkataa.

Hapo ndipo walipofikia. Mvua ya kawaida, kahawa ya kawaida, na wanaume watatu wamekubaliana kwamba pikipiki ina pua.

Mlangoni mtu akabisha hodi. Alikuwa mama mmoja simjui, kajifunga kanga kichwani, ana ndoo ya samaki. Akasema anaitwa Mwajuma, ametoka Muleba kuleta biashara, gari limemshusha hapo barabarani na mvua imemzidi, anaomba kujikinga. Nikampa kigoda na kikombe. Akakaa. Akaona nyasi mbichi sakafuni, blanketi, wanaume wamezunguka kimya. Akaweka kikombe chini kwa adabu.

— Poleni sana. Mgonjwa ni nani?

— Si mgonjwa, akasema Injinia. Ni pikipiki.

Mwajuma akanitazama mimi. Nikamwambia ni kweli, ni pikipiki. Katekista akamweleza yote, tangu msiba, ukoo, kiti, mrithi, ziwa, majivu, mpaka mdudu. Alieleza vizuri, kama anafundisha komunyo. Mwajuma akasikiliza hadi mwisho huku akitafuna buni. Kisha akauliza, na aliuliza kama mtu anayeuliza njia, hakuwa na ubaya wowote:

— Huyo Onesphory anajua kuendesha pikipiki?

Injinia akamtazama Katekista. Katekista akamtazama Ta Rugaibula. Ta Rugaibula akashika ule ufunguo kifuani, akanigeukia mimi.

— Mama yake si huyu hapa. Shemeji, mwambie mgeni.

Nikatafuta kichwani. Onesphory aliondoka hapa bado kijana, kwenda shule, akaenda mbele zaidi, hakurudi ila kwa siku mbili tatu. Baiskeli nilimwona nayo mara moja, ikamtupa kwenye mibuni. Mimi niliyemzaa nikajibu lililopo:

— Sijui.

— Atajifunza, akasema Katekista kwa sauti ndogo.

Vestina akaweka mfuko wake chini.

— Ta, sawa. Si yangu. Inanikataa. Basi iwasheni nyie. Nataka kuisikia tu ikiunguruma, nijue kilichonipeleka Goziba ni kitu kizima. Ikiwaka, nitaondoka na sitasema neno.

Sasa hapo mkubwa wa ukoo angekataaje, na mgeni anatazama? Akauvua ufunguo. Injinia akavuta blanketi, na blanketi halikutaka kuachia tangi, likabanduka na rangi. Ufunguo ukagoma kuingia. Wakaupaka mafuta yangu ya kupikia, ukaingia, wakaulazimisha, ukazunguka. Hakuna taa iliyowaka.

— Betri, akasema Injinia. Hilo si tatizo. Tunapiga kiki.

Akapanda juu ya kiki kwa mguu mmoja. Haikushuka. Akapanda kwa uzito wake wote, ameshika bega la Katekista, akarukaruka pale kama mtoto. Haikushuka hata kidogo. Ndani injini ilikuwa imeshikana.

— Ivuteni mbele kidogo, akasema Ta Rugaibula.

Wakaivuta. Magurudumu hayakuzunguka. Yaliburuta nyasi zote, za juu mbichi na za chini zilizooza, na yale majivu ya Katekista yalipobanduka kwenye rimu yalibanduka na chuma. Spoku tatu zikakatika bila mtu kuzigusa. Injinia akachomoa majani ya mgomba kwenye ekzosi, na maji mekundu yakatiririka sakafuni kwangu, yakatiririka, mpaka nikadhani hayataisha.

Mwajuma akasema polepole, "Lo." Akasimama, akanishukuru kwa kahawa, akachukua ndoo yake, akarudi kwenye mvua. Nadhani aliona afadhali mvua.

— Ni yale majani yako, akasema Katekista.

— Majani yangu? Rimu imeliwa na nini kama si majivu yako?

— Mimi nilisema rubisi tangu mwanzo, akasema Ta Rugaibula. Mngenisikiliza. Sasa Onesphory akija tutamwambia nini?

— Tutamwambia tuliitunza, akasema Injinia. Si tuliitunza?

— Tuliitunza sana.

— Labda tuitandikie nyasi nyingine, akasema Katekista. Hizi zimechafuka.

Vestina hakulia. Alichutama, akagusa usukani pale Avit alipokuwa anashika, mpira ukabaki mkononi mwake kama ganda. Akauweka juu ya kiti cha pikipiki, vizuri, usianguke. Akachukua mfuko.

— Mama, Esther akitoka shule mwambie nitapiga simu kukiwa na mtandao.

— Nitamwambia.

— Hapendi maziwa ya moto.

— Najua asichopenda. Hayo anayanywa kwangu kila siku huku anakunja uso.

Nikachukua mwavuli ukutani. Nikashika mshikio mmoja wa ule mfuko, yeye akashika wa pili, maana ulikuwa mzito, alikuwa ameshafungasha sufuria zake. Nilijua hapo kwamba alipokuja asubuhi ile hakuwa na tumaini lolote, alikuja tu ili tusije tukasema hakuomba.

— Shemeji, akasema Ta Rugaibula, unakwenda wapi na sisi hatujamaliza?

— Nampeleka mkwe wangu barabarani. Nyie malizeni.

— Na kahawa?

Vestina alikuwa ameshatangulia kwenye mvua. Nikatoka, nikafunga mlango.