Kuvu ya Sévère Ni ya Ukoo Gani

Kwa Maman Kadija, pale Kimanga, kahawa inauzwa lakini majibu ni ya bure. Benchi lenyewe ni ubao mmoja ulioegemea ukuta wa duka la kuchaji simu, na wenyewe ni watatu ukiniacha mimi. Kuna Tambwe tunayemwita Ministre, ambaye hajawahi kuongoza hata avenue yake ya mtaani ila husema kama ndiye aliyeandika sheria za nchi. Kuna Nourdine, jina la kijiweni Douane, aliyebeba mizigo mpakani Kavimvira, na kwake kila baya duniani limevuka barrière ya mpaka. Na kuna Sévère, mkulima wa Mutarule, mpole wetu, ambaye Jumatatu hiyo aliweka simu yake juu ya stuli na kuikodolea macho. Alikuwa akingoja agronome Vainqueur, bwana shamba wao, ampigie. Ndizi zake za kamaramasenge, zile tamu za kuliwa mbivu, zilikuwa zimegeuka njano, majani yakalegea. Ukipasua shina, ndani unakuta nyuzi nyekundu. Vainqueur alichukua kipande akakipeleka labo, akasema ni kuvu ya udongoni, na tusubiri hadi ijulikane ni ya aina gani. Sisi, kwa ujuaji wetu, hatukusubiri. Jumamosi tulishuka Mutarule na mapanga, tukafyeka shamba zima, kamaramasenge na bitoke vya kupika pamoja. Mke wake Consolée hakuwa na habari ya kufyeka huko, maana wiki nzima alikuwa Songo kwa binti yao Irakoze aliyejifungua. Sévère alitaka kumwambia akiwa na jibu la labo mkononi.

— Aina, aina! Ministre akaanza. Kuvu ni shampinyo, na shampinyo ni shampinyo. Aina ya nini tena?

— Hapana, Ministre, Sévère akasema. Vainqueur alinielezea. Na macho tu hauwezi kuijua, zote zinafanana. Njo wanaipanda mu kasahani, pembeni ya ingine yenye wanajua ukoo yake. Kama ni ndugu, zinakutana, zinashikana, zinaota pamoja. Kama haziko ndugu, zinaacha njia katikati, kila moja na upande yake.

Kikombe cha Douane kilisimama kabla ya kufika mdomoni.

— Weye! Shampinyo inajua ndugu yake?

— Inajua.

— Minye niko na mujomba kule Fizi, ata nikimusalimia hanijui!

— Damu nzito kuliko maji, Ministre akaamua. Lakini kama iko na ukoo, iko na chef. Tumutafute ule chef, tumupe mbuzi, aondoe watu wake mu shamba.

— Mbuzi ya nini? Douane akamrukia. Ile kitu ilivuka mupaka, minye ninajua. Tutafute ukoo yenye hawapatane nayo, tuimwage mule mule. Usiku zitapigana zenyewe, asubuyi tunaenda kuokota maiti.

— Maiti ya shampinyo, Kadija akasema huku akimimina. Utaiokota na nini, Papa Douane?

— Na imani, Maman.

Tulicheka wote isipokuwa Sévère.

— Iko kitu ingine alisema, akatamka polepole. Inaweza kulala mu udongo miaka makumi. Haina ndizi ya kula, haifi. Inangoja.

Kadija aliteremsha birika.

— Miaka makumi? Ministre akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya waziri. Muntu anakufa, mutoto yake anapanda, na ile iko inamungoja mutoto?

— Iko inamungoja.

— Yesu Maria! Kadija akasema, Mwislamu mzima na ushungi wake. Mimi nimeogopa mamba wa Ruzizi na nimeogopa mafuriko, lakini kitu kisicho na meno wala miguu kinachosubiri mtoto ambaye hajazaliwa, hicho sikuwahi kukifikiria.

— Njo maana nilisema tukate yote! Ministre akapata nguvu. Samaki mumoja akioza, wote wameoza. Wakati ya ule ugonjwa ya mbele ya huu, ile yenye ndizi ilikuwa inatoka usaha, tulikata yote na mashamba ya jirani ikapona.

— Minye njo nilisema kwanza, Douane akadai.

— Weye ulibeba tu panga. Order nilitoa minye.

— Order gani? Minye nilianza kukata weye ukiwa bado unavua viatu!

Hapo simu ikalia. Sévère aliminya haut-parleur ili sote tusikie.

— Papa Sévère? Rezilta ya labo imetoka! Ni ile ya zamani. Tushukuru Mungu, haiko ile mubaya yenye inamaliza karibu kila ndizi.

— Hii ya zamani inakula nini?

— Inakula kamaramasenge na ndizi ya gros michel. Bitoke yenu ya kupika haiigusi. Bitoke inaweza kusimama mu udongo ule ule miaka na miaka, inazaa tu. Toa kamaramasenge, bitoke uache. Usiguse ata kimoja, unanisikia?

— Ninasikia.

— Nitapita kesho kuiangalia. Muko na bahati sana, Papa!

Akakata. Bitoke vile tulivikata vikiwa vimesimama wima, majani kijani, na tulikuwa tukiimba.

— Douane njo alisema kwanza, Ministre akanong'ona.

— Minye? Minye nilibeba tu panga! Halafu, haraka haraka haina baraka, nilikuwa ninajua.

— Munyamaze! Kadija akafoka.

— Ilikuwa imezaa, Sévère akasema, akiutazama udongo. Yote ilikuwa imezaa.

Pikipiki ikasimama mbele yetu. Aliyeshuka ni Consolée, kanga begani, uso wa mtu aliyekesha na mtoto mchanga na bado ana furaha.

— Papa Irakoze! Vainqueur amepiga?

Kadija ndiye aliyejibu, maana lazima mtu ajibu.

— Amepiga, Maman. Ni ile ya kamaramasenge tu. Bitoke haiigusi.

Consolée alipiga vigelegele hadi wapita njia wakageuka.

— Mungu ni mukubwa! Basi ninashuka Mutarule sasa hivi. Muzazi analilia kitoke tangu juzi, nilikuwa ninaogopa ata kumuahidi!

Akaanza kutusalimia mmoja mmoja kwa mkono, akitushukuru kwa kukaa na mume wake siku hizi ngumu. Ministre, Douane, mimi. Kwa Sévère alichelewa. Aliugeuza mkono wake, akautazama kiganja. Kisha akarudi kuitazama mikono yetu. Yote ilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa ndizi, ambayo sabuni ya siku mbili haiwezi kuyatoa.

— Papa Irakoze, akauliza kwa upole kabisa, hii utomvu ni ya kamaramasenge peke yake?

Ministre alitazama kikombe chake. Douane alitazama barabara. Consolée hakumwachia Sévère mkono.