Aliyechoka Ndiye Akae Kwanza

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti, maana leo tunamkumbuka fundi wa makochi. Mtaani kwake walimwita Bibi Springi. Ametutoka wiki iliyopita.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Harufu ya gundi, sponji zimejaa hadi dirishani, na yeye misumari mdomoni. Aliongea nayo hivyo hivyo, na bado ulimwelewa! Maisha yake yote amewakalisha watu kwenye raha. Yeye mwenyewe alikalia kigoda.

Alikuwa na sharti moja. Narudia, sharti moja. Kochi jipya halianzi kukaliwa na aliyelilipia. Anaanza aliyechoka kuliko wote waliopo. Akija tajiri na mpagazi wake, anakaa mpagazi. "Asiyechoka atasifia kitambaa," alisema. "Aliyechoka atakwambia kama hiki ni kiti." Wapo wateja walionuna. Walinuna, wakarudi.

Watu walimwambia ana bahati. Alicheka sana. "Bahati ni mgeni," aliwajibu. "Akikukuta huna hata kigoda, anapitiliza kwa jirani." Na ukimkumbusha kwamba mchumia juani hulia kivulini, alisema, "Kweli, ila hata kivuli kina fundi wake."

Sasa nije kwa binti yake, mwanawe wa pekee, aliyejifunza kazi hiyo kwa mama. Bibi Springi alipoanza kuugua moyo, binti alimtengenezea kiti cha mikono. Kilikuwa kiti chake cha kwanza bila kusaidiwa. Alitaka mambo mawili: mama apumzike, na mama atamke kwamba binti naye sasa ni fundi.

Mama akagoma! "Yupo aliyechoka kunizidi," akasema, akamkalisha muuza maji. Kesho yake akamkalisha muuguzi aliyekuja kumpima.

"Walikaa wote isipokuwa yeye," binti ameniambia. "Niliona mama ataondoka bila kukikalia kiti changu. Nililia, sikufichi."

Alasiri moja binti alikuwa amemwogesha mama, amefua, amemaliza kochi la mteja. Akaegemea ukuta, macho yanafumba yenyewe. Mama akamwona.

"We mtoto, hukioni kiti?"

"Mama, hicho ni chako."

"Sharti ni sharti. Kaa."

Akakaa. Akalala usingizi wa pono. Alipoamka, mama alikuwa pembeni kwenye kigoda chake, anamtazama.

"Springi ya kushoto inalia," mama akasema. "Lakini umekoroma mpaka jirani amechungulia. Basi hicho ni kiti, na wewe ni fundi. Haya, nipishe. Sasa nimechoka."

Akakaa, wasikilizaji. Bibi Springi akakaa! Na tangu hapo hicho ndicho kilichokuwa kiti chake, mpaka siku aliyotutoka.

Kwa binti yake, ndugu na majirani, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe aliyetupumzisha wengi. Nilimuuliza binti kama ameshaitengeneza ile springi ya kushoto. Akaniambia hataigusa kamwe.

Wasikilizaji wapendwa, najua wengi mnanisikiliza mmekaa. Hebu tazama hapo nyumbani kwako. Nani amekuwa wima tangu asubuhi?

Mpishe.