Gari Linalotaka Kukaguliwa

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kwenye kona inapokutana barabara ya lami na ile ya vumbi, na kila mkaaji ana mahali pake palipolainishwa na suruali yake mwenyewe. Mwanzoni hukaa Wakili, ambaye hakusomea sheria hata siku moja, ila aliwapikia mahakimu chai kwa miaka kumi na tisa. Katikati ni Injinia, mlinzi mstaafu wa pampu ya maji. Mwishoni ni Soli, fundi viatu, aliyejichagulia mwisho ili mkono wake ufikie sanduku la kazi. Mbele yao yupo Birika na jiko lake la mkaa, anayeuza kahawa na kudai kwamba hamsikilizi mtu. Mahali pa nne ni pa fundi saa, jina lake la kijiweni Sekunde, lakini asubuhi hiyo palikuwa patupu. Mwenyewe alikuwa amesimama kando, ameshika shavu, analitazama gari la marehemu baba yake kama anayemtazama mtoto aliyefukuzwa shule.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa nne mkewe, Mama Pacha, angeruhusiwa kutoka hospitali, alikolala wiki tatu kwa ajili ya goti. Na Sekunde alikuwa ameahidi kumfuata na gari lile lile lililomleta nyumbani siku ya harusi yao, miaka thelathini na moja iliyopita. Gari lilikuwa limelala chini ya turubai miaka sita. Kwa wiki hizo tatu, kila alipotoka kumtazama mgonjwa, alirudi kwenye nyumba iliyokuwa kimya mno, akashindwa kukaa ndani, akatoka na bisibisi. Hivyo ndivyo gari lilivyofufuka. Lilifufuka nusu.

— Safari hii imeishia wapi? Wakili aliuliza.

— Pale pale, kilima cha shule. Inawaka vizuri, mngurumo umetulia, naondoka kama bwana mkubwa. Nikianza kupanda, inakohoa, inakosa nguvu, inazima.

— Halafu?

— Halafu nafungua kifuniko cha tangi, nachovya kijiti, naona petroli ipo tele. Nafunga. Napiga stata mara tatu, nne, inawaka kama haikuwa yenyewe.

— Sasa si uendelee na safari, Birika alisema bila kugeuka.

— Niendelee nayo hiyo? Nimpakie mtu mwenye goti la kushonwa, ituzimie kilimani, malori yanatupigia honi nyuma? Niliahidi kumleta. Sikuahidi kumsukumisha.

Injinia akakohoa kidogo, kama kawaida yake anapokaribia kutoa hukumu.

— Debe tupu haliachi kuvuma.

— Tangi limejaa, Injinia. Nimekwambia limejaa.

— Ndiyo maana likanyamaza.

Hakuna aliyebisha, maana hakuna aliyejua pa kuanzia. Injinia akapata nguvu.

— Mimi nimelala na pampu miaka ishirini na mbili, mke wangu shahidi. Hiyo ni pampu ya petroli. Imezeeka, haivuti.

— Jana tulichomoa bomba kwenye kabureta, tukapiga stata, petroli ikaruka mpaka kwenye shati lako.

— Hiyo pampu ilikuwa ya jana. Leo imeamka na mambo yake.

— Na chujio je? Soli aliuliza.

— Jipya. Nimepuliza bomba lote kwa mdomo. Mpaka sasa nikipiga mwayo nasikia petroli.

— Kifuniko usikiguse, Soli akasema haraka. Kile kiko sawa.

Kifuniko kilikuwa fahari ya Soli. Mwanzoni kilikuwa kimelegea, harufu ya petroli ikawa inaingia ndani ya gari, na Mama Pacha harufu hiyo humchafua tumbo. Kwa hiyo Soli alikata mpira wa tyubu duara tatu, akazigandisha kwa gundi kwa ndani, akazungushia ukingo wa ngozi ya kiatu cha mkuu wa shule ambaye hakurudi kukichukua. Kijiwe kizima kilishiriki: Wakili alishika mkasi, Injinia alitoa ushauri.

— Hamjamsikia anavyokifungua? Soli aliendelea. Fyuuu. Kifuniko kinacholia hivyo kimebana. Hapo hata nzi hapiti. Msinisifu, nyamazeni tu.

Birika akatoa kopo jipya la maziwa. Akachukua msumari na jiwe, akatoboa tundu upande mmoja, akatoboa na upande wa pili, akamimina kwenye vikombe. Kila mtu akakinga chake na mjadala ukaendelea.

Sekunde alisema lililokuwa likimkera zaidi. Mara ya pili gari lilipozima, alifungua bakuli la kabureta pale pale kilimani, kwa mikono yake iliyozoea springi ndogo kuliko unywele. Akakuta bakuli kavu. Tangi limejaa, bakuli kavu, na kati yao hakuna bomba lililoziba wala linalovuja.

Wakili akaweka kikombe chini. Hii sasa ilikuwa kesi.

— Shahidi wa kwanza anasema petroli ipo. Shahidi wa pili anasema haijafika. Wote wawili hawana sababu ya kusema uongo. Basi kuna mwizi njiani.

— Kati ya tangi na kabureta, Wakili? Anakaa wapi?

— Mimi nilikuwa nachemsha chai, sikuwa polisi.

— Si mwizi, Injinia alisema. Ni kilima. Maji hayapandi mlima bila kulazimishwa, itakuwa petroli?

— Miaka yote baba alikipanda kilima hicho hicho.

— Kilikuwa bado kidogo.

Soli akacheka mpaka kahawa ikampalia. Wakili hakucheka. Alikuwa ameona njia.

— Ngojeni. Ikizima, huyu anafungua kifuniko, anachungulia, anafunga. Inawaka. Hajafanya lolote jingine. Kweli si kweli?

— Kweli.

— Basi inataka kukaguliwa. Ni gari la mzee, limezoea heshima. Usipolijulia hali kila baada ya mwendo kidogo, linasusa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Akakumbuka goti la shemeji yake, akaomba radhi, akainamia kikombe.

— Mimi nitasema, na mtanicheka, Soli alisema, sauti yake imeshuka. Ile ni njia ya hospitali. Gari hii ndiyo ilimpeleka mzee siku ile, na ikarudi bila yeye. Inajua inakopelekwa. Haitaki.

Sekunde akageukia upande wa gari wasimwone macho. Alijua ni upuuzi, na upuuzi huo ukamchoma, kwa sababu na yeye alipokuwa akikaribia kilima kile alikuwa akimfikiria baba yake. Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa imeshapita saa nne na robo.

— Baba Pacha, umefika wapi?

— Niko njiani, mke wangu. Karibu kabisa.

Birika akagonganisha vikombe viwili akivisuuza.

— Hiyo njia ina vikombe?

— Ni kelele tu za barabarani.

— Haya. Msalimie Birika.

Akakata. Wote walikuwa wamesikia, wakainuka kwenda kwenye gari.

Nusu saa baadaye, Injinia akiwa chini ya gari na Wakili akimwelekeza, bajaji ilisimama kwenye kona. Ukatoka mkongojo, ukafuata mguu mmoja, halafu mwingine taratibu, halafu Mama Pacha mzima na kikapu chake. Akaitazama miguu ya Injinia.

— Shikamooni, mafundi.

— Marahaba, shemeji, alijibu Wakili, ambaye kwa umri alistahili, lakini aliitikia kama mtuhumiwa.

Sekunde alikwenda kumpokea kikapu. Maneno yote aliyoyatunga kwa wiki tatu yalikuwa yamemtoka.

— Inazima, alisema.

— Naona. Inazimaje?

Wakamweleza wote kwa pamoja: pampu, mwizi, kilima kilichokua, heshima ya wazee, bakuli kavu. Habari ya hospitali Soli aliiruka. Mama Pacha alisikiliza akiwa ameegemea mkongojo. Miaka yote ya ndoa yao aliuza mafuta ya kula kwa madebe katika nyumba yao yenye mlango wa bluu, hatua ishirini kutoka kijiweni.

— Na ukifungua tangi inapona?

— Inapona.

— Hebu nipeni hicho kifuniko.

Sekunde akakizungusha. Fyuuu. Soli akajiweka sawa kupokea sifa. Mama Pacha alikigeuza ndani na nje, akaunusa mpira, akaupapasa ukingo wa ngozi, na uso wake ukalainika kidogo alipoelewa ni kwa ajili ya tumbo la nani. Kisha akalichukua lile kopo la maziwa la Birika, akaliinamisha juu ya kikombe. Maziwa yakatiririka. Akaweka kidole gumba juu ya tundu la pili. Maziwa yakapungua, yakadondoka matone mawili, yakakata. Akaondoa kidole, yakatiririka.

— Petroli ikitoka humo tangini, aliuliza, hewa inaingilia wapi?

Injinia alitazama lami. Soli alichukua kiatu kisichokuwa na kasoro akaanza kukikagua.

— Siku zote natoboa mawili, Birika alisema. Hakuna aliyeniuliza.

Soli hakusubiri kuambiwa. Alitoa sandukuni msharasi wake wa kutobolea ngozi, akachoma mpira tabaka la kwanza, la pili, la tatu, na ncha ikatokea upande wa pili bila kugusa chuma, kwa sababu chuma kilikuwa na katundu kake tangu kiwandani. Hako ka kupitishia hewa ndiko walikokuwa wamekaziba.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Wakili alisema, akijaribu kurudi mchezoni.

— Mwenyeji ni mimi, shemeji. Nyinyi ndio wageni, mnakaa mbele ya mlango wangu mwaka wa ngapi huu.

Kisha akamgeukia mumewe, na utani ukapungua sautini.

— Wenzangu wote walifuatwa. Mmoja alifuatwa na mkokoteni, akaondoka anacheka. Mimi nilikaa kwenye benchi la getini na kikapu. Uliniahidi gari, Baba Pacha, au uliniahidi wewe?

Sekunde aliwatazama wenzake, ambao tangu asubuhi walikuwa na majibu ya kila kitu, nao wakayatazama mashapo ya vikombe vyao. Birika akainua birika, akalitikisa, lilikuwa tupu.

— Nimekosa, Sekunde alisema mwishowe.

— Umekosa. Sasa niingize garini.

— Lakini nyumbani ni pale.

— Nani kasema nyumbani?

Akampakia mbele, akamwekea mkongojo pembeni, akapiga stata. Wakaondoka. Kilima cha shule kilipotokea, akaukaza usukani kwa mikono yote miwili. Gari likapanda. Likapita mti wa kwanza, likapita geti la shule, likapita pale pale lilipokuwa likizima, halikukohoa.

— Pumua, Mama Pacha alimwambia.

Kwenye geti la hospitali aliteremka mwenyewe, polepole, akakaa kwenye benchi na kumwashiria mumewe aende. Sekunde akazunguka jengo zima, akarudi, akasimamisha gari mbele yake, akashuka na kumfungulia mlango.

— Umechelewa, alisema Mama Pacha, akampa mkono amwinue.