Szalkay Ödön, Mchongaji Aliyeing'oa Kengele ya Mlango Wake

Marehemu Szalkay Ödön alizaliwa tarehe 14 Machi 1924 hapa Kövesháza, mtoto wa pekee wa Mihály, msaga unga, na mkewe Rozália. Alisoma kwa watawa, ambako alichapwa kwa kuchonga punda kwenye dawati. Punda mwenyewe alifanana mno na mwalimu wa hesabu. Mwaka 1942 alikwenda Budapest kusomea uchongaji. Alirudi na patasi zake, na kikohozi cha vumbi la mawe ambacho hakikumwacha tena.

Tarehe 8 Mei 1948 alimwoa Piroska, wakaishi nyumbani kwa Mihály.

Juni 1951, familia ikiwa mezani inakula tambi kwa jibini, kengele ya mlango ililia. Mihály alikwenda kufungua, kijiko mkononi. Watu wa usalama wakampakia kwenye gari jeusi. Hakuonekana tena.

Mwaka uliofuata Ödön aliagizwa achonge sanamu ya mkulima, iwekwe uwanjani. Kitambaa kilipovutwa, Piroska alimwona mkwewe: yule mkulima alikuwa Mihály mwenyewe, hata kovu la kwenye nyusi lilikuwapo. Mji mzima ulimtambua, mji mzima ukanyamaza.

Mgeni wa chama tawala cha Kikomunisti akauliza, "Mzee huyu ni nani? Sura yake si ngeni."

Jirani yao Borbála, ambaye siri haikuwahi kulala kwake, akajibu, "Mkulima tu, ndugu. Wakulima wa huku wote tuna sura mbaya namna hii."

Watu wakacheka. Ödön hakucheka.

Tangu hapo, kila kengele ilipolia alivaa koti, akatia mkate mfukoni, akasimama mlangoni. Mara ni tarishi, mara ni Borbála anaazima chumvi. Mwishowe akaing'oa, akaziba tundu kwa plasta. Wageni wakawa wanabisha hodi dirishani. Magari meusi yakaisha. Tundu halikuzibuliwa.

Oktoba 2003 mapafu yalimlemea, akalazwa. Kando ya kitanda palikuwa na kengele ya kumwita muuguzi. Pumzi ilipoanza kukatika, mkewe akanyoosha mkono. Ödön akamzuia.

"Usibonyeze, Piroska. Watakuja."

Piroska akakimbia kumwita muuguzi kwa mdomo. Aliwahi kurudi na kumshika mkono kabla hajakata roho. Ilikuwa tarehe 9 Novemba.

Ameacha mjane, Piroska, binti, Ilka, mwana, Mihály, wajukuu watano, na baba yake wa jiwe pale uwanjani.

Kasisi amekubali kengele ya kanisa isipigwe leo. Apumzike bila kushtuka. Waliokuja kumchukua safari hii ni sisi, watu wake.