Mama Marthe Nabintu na Supu Yake ya Boga (1958–2015)

Mama Marthe Nabintu alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 huko Walungu, Kivu ya Kusini, binti wa mkulima asiyekuwa na ng'ombe. Jambo hilo lilikuja kumponza baadaye.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la tano, kisha masista wakamfundisha kushona. Yeye na cherehani hawakuelewana.

Mwaka 1977 alifunga ndoa na Mzee Appolinaire. Vita vya 1996 viliwatoa kwao; wakavuka mpaka, wakapokelewa Kabazana kwenye makazi ya wakimbizi, wakapewa shamba kijiji cha Juru. Mvua za Oktoba zilipoanza, Marthe alikaanga kitunguu na tangawizi, akachemsha boga na karoti, akaviponda kwa mwiko mpaka vikalainika.

"Mama Prince, tia ata mufupa moja," mumewe alimsihi.

"Mufupa ya nani?"

Kuanzia 2003 aliuza supu hiyo karibu na kambi ya jeshi, Mbarara. Ili iwe nzito alitia maziwa, aliyoyanunua kwa Kellen, mke wa mwanajeshi. Kellen alipoona, alishika kichwa. Kwao Ankole, maziwa na boga haviingii tumbo moja siku moja, ng'ombe hudhurika.

"Wewe mama, hapana! Ng'ombe yangu itakauka!"

"Ng'ombe iko Isingiro, sufuria iko hapa. Nani atamuambia?"

"Yeye anajua."

Mwezi ule ng'ombe alikauka. Daktari wa mifugo alikuwa na maelezo yake, Marthe hakuyangoja. Alikwenda kuomba radhi, na tangu hapo akatia karanga za kusaga, akikoroga polepole mpaka mwiko uache njia nyuma yake. Lakini kwa mila hiyo hiyo, karanga nazo hazipatani na maziwa. Hivyo kila Kellen alipotaka supu, ilimbidi ashinde bila maziwa, na kwa Munyankore, mtu wa ng'ombe, hiyo si sadaka ndogo. Alikuja kila Ijumaa kwa miaka kumi na zaidi.

Mwaka 2014 figo zilianza kumsumbua Marthe. Alilazwa Mbarara, na hapo akatoa agizo moja: siku ya kuzikwa kwake pasichinjwe kitu, ipikwe supu.

"Batu batasema tulikuzika sawa mukimbizi," alilalamika Mzee Appolinaire, ambaye jina lake mbele ya majirani lilikuwa hatarini.

"Basi, kwa mara moja batasema kweli."

Alifariki tarehe 9 Oktoba 2015. Mzee hakulala akilipima agizo lile. Mbuzi aliyekwisha kununuliwa yuko nyuma ya hema, mzima kabisa. Binti yao Orpa ndiye anayekoroga supu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Prince na Orpa, na wajukuu watano. Ameacha pia Kellen, aliyeketi mstari wa mbele, ambaye tangu asubuhi hajagusa maziwa.

Mungu ampe Marthe pumziko jema. Ninyi wengine, karibuni mezani.